Kuku Aliyestaafu Kizimbani: Tumchukue au Tumwache?

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vinatuuliza swali moja. Kuku wa gredi waliozeeka wanauzwa kwa bei ya chini kutoka kwa wafugaji wakubwa. Wachuuzi wanawaleta kwa matenga na kuwauza sokoni kama nyama. Lakini mama mmoja akinunua wawili wa kuchinja, kesho yake anakuta yai ndani ya tenga. Basi watu wanaanza kufikiri: Je, kikundi chetu kikinunua ishirini tukagawana, hatutapata mayai ya watoto? Tena wengine wanaona huruma, maana kuku mwenyewe amefika akiwa hana manyoya shingoni, na hata kutembea hajui.

Swali hili si dogo. Kuku huyo anaweza kukuletea mayai na furaha nyumbani. Anaweza pia kukuletea ugonjwa utakaomaliza kuku wote wa kijiji kwa wiki moja. Kwa hivyo katika makala haya tutaeleza kuku huyu ni nani, wenzetu wa ng'ambo wanamfanyia nini, na sisi tufanye nini kabla ya kutoa pesa ya kikundi.

KUKU HUYU ANATOKA WAPI?

Ufugaji wa kuku ndani ya vizimba vya waya ulienea sana Ulaya na Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Vizimba hupangwa kimoja juu ya kingine kama rafu za duka. Kuku hula kutoka kwenye mfereji ulio mbele yake, hunywa maji kwa kudonoa chuchu ya chuma, na yai likitoka linabingirika mbele lenyewe. Mfanyakazi mmoja anaweza kuangalia maelfu ya kuku. Kinyesi huanguka chini, kwa hivyo baadhi ya magonjwa na minyoo hupungua. Faida hizo ni za kweli, na ndiyo maana hapa Kenya pia wafugaji wengi wameanza kutumia vizimba, hasa mahali shamba ni dogo.

Lakini kuna upande mwingine. Mwaka 1964 mama mmoja Mwingereza, Ruth Harrison, aliandika kitabu juu ya maisha ya mifugo katika mashamba ya namna hii, na watu wengi wakashtuka. Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1965. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwamba vizimba vitupu vya zamani vikomeshwe, na kuanzia tarehe 1 Januari 2012 vikapigwa marufuku. Katika miaka ya mwisho ya vizimba hivyo, kila kuku alitakiwa apate angalau sentimita mraba 550. Chukua karatasi moja ya kawaida ya ofisi, uiweke mezani. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko karatasi yenyewe. Hapo ndipo kuku alisimama, akala, akataga na akalala tangu alipoingizwa mpaka siku ya kuuzwa. Vizimba vikubwa kidogo, vyenye fito ya kulalia na mahali pa kutagia, viliruhusiwa viendelee.

Kuku wa namna hii hajawahi kupekua udongo, kuoga vumbi, wala kutandaza mabawa yake. Mambo ambayo kifaranga wa kienyeji hujifunza kwa mama yake katika wiki ya kwanza, yeye hajui hata moja.

KWA NINI ANAUZWA NA BADO ANATAGA?

Wengi hudhani anauzwa kwa sababu amekwisha. Sivyo kabisa. Kuku wa gredi huanza kutaga akiwa na umri wa karibu miezi mitano. Wakifika kilele, kuku 100 wanaweza kutoa mayai zaidi ya 90 kwa siku. Wakikaribia mwaka mmoja na nusu, idadi hiyo hushuka, na gamba la yai huwa jembamba, kwa hivyo mayai mengi hupasuka. Mfugaji mkubwa ananunua chakula kwa tani. Akipoteza mayai ishirini katika kila mia, faida yake imekwenda. Basi anauza kuku wote siku moja, anasafisha nyumba, anaingiza wapya. Kuku amekuwa mzee kwa hesabu ya biashara, lakini kwa miaka ya kuku bado yumo katika makamo.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba yeye ni mzima kama kuku wa kienyeji. Kuku wetu wa kijijini hutaga mayai machache, anaatamia, anapumzika, ndipo anaanza tena. Kuku wa gredi hutaga karibu kila siku kwa mwaka mzima. Gamba la kila yai linahitaji karibu gramu 2 za kalsiamu, yaani yale madini yanayojenga mifupa. Sehemu yake hutoka kwenye chakula, na sehemu hutolewa kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Ongeza kwamba hatembei wala haruki. Mwisho wake mifupa huwa kama kijiti kikavu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba karibu kuku 3 katika kila 10 wa vizimbani walikuwa wameshavunjika mfupa mmoja au zaidi kabla ya kuchinjwa, kwa sababu ya kushikwa na kusafirishwa vibaya.

Kwa hivyo kuku huyu ni kama mfanyakazi aliyestaafu. Nguvu bado anazo, lakini mgongo unamuuma. Ukimchukua kwa kutazamia kazi ya ujana, wewe na yeye mtaumia.

WAINGEREZA WANAFANYA NINI?

Mwaka 2005, huko Devon nchini Uingereza, mama anayeitwa Jane Howorth alianzisha chama cha kuokoa kuku hawa. Siku hizi kinaitwa British Hen Welfare Trust. Chama hicho hakigombani na wafugaji. Kinapatana nao, kuku wanachukuliwa siku zao zikifika, kisha watu waliojiandikisha wanakuja mahali palipotangazwa, wanatoa mchango, na kila mmoja anaondoka na kuku wake. Tangu wakati huo mamia ya maelfu ya kuku wamepata nyumba.

Watu hao huwaweka nyuma ya nyumba, huwapa majina, na wengi hawawachinji hata wakiacha kutaga. Kwao kuku huwa kama paka au mbwa wa nyumbani. Najua, tukisema hivi kwenye mkutano wa kikundi, watu watacheka: kuku kuitwa Wanjiru! Lakini tusicheke tukaacha mafunzo. Kwanza, wanachukua wachache, watatu au wanne tu, wanaoweza kuwaangalia. Pili, wanajua mapema kwamba wanachukua mzee. Tatu, wanafuata sheria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mtu yeyote wa Uingereza na Wales anayefuga hata kuku mmoja lazima ajiandikishe kwa serikali, ili mafua ya ndege yakitokea, ijulikane kuku wako wapi. Tena hakuna ruhusa ya kulisha kuku mabaki kutoka jiko linalopika nyama, kwa kuogopa kueneza magonjwa.

Sisi hali yetu ni nyingine. Wao wana mshahara wa kununua chakula cha kuku asiyetaga. Sisi chakula tunagawana na watoto. Wao wana mbweha. Sisi tuna mwewe, nguchiro na paka wa jirani. Na zaidi ya yote, sisi tuna kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, ambao kila mmoja wetu anaujua kwa machozi. Basi tuchukue kwao yale yanayotufaa.

NI NANI AMCHUKUE?

Tunaona kuku huyu anafaa nyumba za namna tatu. Nyanya au babu anayekaa nyumbani mchana kutwa, ambaye kuku wawili au watatu watakuwa kazi ndogo na kampani pia, maana kuku aliyezoea mtu humfuata kila aendako. Nyumba yenye watoto wadogo, ambayo yai moja au mawili kwa siku ni msaada mkubwa sufuriani. Na mtu anayetaka kujifunza kufuga kabla ya kununua vifaranga wa gharama.

Hafai mtu anayetafuta biashara ya mayai. Hafai mtu anayetaka vifaranga, maana kuku huyu kwa kawaida haatamii. Na hafai mtu asiye na mahali pa kumtenga. Kikundi kisikope pesa kwa ajili ya kuku hawa. Deni linadumu, kuku huenda asidumu.

KABLA YA KUNUA, ULIZENI

Ni afadhali kununua kwa mfugaji mwenyewe kuliko kwa mchuuzi sokoni. Sokoni kuku wa mashamba matano wamechanganywa katika tenga moja, na huwezi kujua yupi ana nini. Mkifika kwa mfugaji, ulizeni haya:

1. Kuku wana umri gani, na kwa nini wanauzwa sasa? Wakiuzwa kabla ya wakati wao, pana sababu.
2. Wamechanjwa magonjwa gani, na lini?
3. Je, wamepewa dawa yoyote hivi karibuni? Kama ndiyo, mayai yao na nyama yao zisiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.
4. Je, kumekuwa na vifo vya ghafula katika mwezi uliopita?

Halafu mwangalie kuku. Kukosa manyoya si kitu, yataota tena. Upanga wa kichwani ulio mweupe na uliolala si ajabu kwa kuku aliyekosa jua. Lakini kuku mwenye macho yanayotoa maji, anayekoroma, anayehara kinyesi cha kijani au cha njano, aliyevimba uso au aliyening'iniza mabawa, mwache hapo hapo hata ukipewa bure.

KUMBEBA

Hapa ndipo tunapoharibu mambo. Kuku wa kienyeji tunamfunga miguu na kumning'iniza kwenye baiskeli kichwa kikiwa chini. Kuku huyu ukimfanyia hivyo, mfupa wa paja unaweza kuvunjika njiani, na amekwisha. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamefungwa mwilini, mweke ndani ya katoni au tenga lenye nyasi kavu. Wasibanane, na wasipigwe na jua kali. Safirini asubuhi mapema au jioni. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kuku pia ni kiumbe.

WIKI TATU ZA KUTENGWA

Hili ndilo neno kubwa kuliko yote katika makala haya. Usimfungulie kuku mgeni akutane na kuku wako siku hiyo. Mtenge kwa wiki tatu, na ikiwezekana nne, mahali pake pekee, mbali na banda la wengine.

Sababu ni hii. Kuku wa shamba kubwa kwa kawaida amechanjwa. Chanjo inamkinga asife kwa kideri, lakini anaweza kubeba viini na kuvitoa kwenye kinyesi bila yeye kuonekana mgonjwa. Wa kwako ambaye hajachanjwa atavipokea na kufa. Vivyo hivyo, kuku aliyepona taifodi ya kuku anaweza kubaki na viini vyake kwa muda mrefu. Kwa hivyo kuwatenga peke yake hakutoshi. Kuku wa nyumbani wote wachanjwe kideri angalau wiki mbili au tatu kabla wageni hawajafika, na chanjo irudiwe kwa mpango atakaowaeleza afisa wa mifugo. Kikundi kikichanga, chupa moja ya chanjo inatosha kuku wa nyumba nyingi, maana nyingi zimetengenezwa kwa kuku mia moja au zaidi.

Wakati huo wa kutengwa, lisha kuku wako wa zamani kwanza, halafu wageni. Nawa mikono kwa sabuni baadaye. Watoto nao wafundishwe kunawa kila wanapowashika kuku, na wasiwabusu wala kulala nao.

KUMFUNDISHA MAISHA

Siku za kwanza atasimama pale pale ulipomweka, hata ukifungua mlango. Usimsukume. Anaogopa anga.

Maji: Amezoea chuchu ya chuma, kwa hivyo huenda asijue bakuli. Mchovye ncha ya mdomo ndani ya maji mara mbili tatu. Akijua mmoja, wengine watamwiga. Asiposhika, anaweza kufa kwa kiu maji yakiwa mbele yake.

Chakula: Mwanzoni mpe chakula kile kile cha kuku wa mayai alichozoea. Wengi walikatwa ncha ya mdomo wakiwa vifaranga, kwa hivyo hawawezi kuokota punje moja moja kutoka chini. Tumia chombo chenye kina. Majani ya sukuma na mchicha anza kidogo kidogo. Mahindi matupu hayamtoshi, maana mifupa yake inahitaji chokaa ya mifugo. Maganda ya mayai yaliyokaushwa kwa moto na kusagwa vizuri pia yanasaidia.

Kulala: Hajui kupanda juu. Weka fito nene chini kabisa, kimo cha kiganja tu kutoka ardhini, na nyasi kavu au maranda chini yake. Jioni mwinue umweke ndani kwa mkono. Baada ya wiki moja au mbili ataingia mwenyewe.

Vumbi: Mpe shimo dogo lenye udongo mkavu uliochanganywa na majivu yaliyopoa. Hili hupunguza utitiri na chawa. Siku atakayojitupa humo na kujirusharushia vumbi, ndipo utajua ameanza kuwa kuku.

Jua na baridi: Asiye na manyoya huungua na jua na hutetemeka usiku. Awe na kivuli mchana, na banda lisilopitisha upepo. Usipoteze nguvu kumshonea nguo.

Kuchanganywa na wenzake: Wiki za kutengwa zikiisha, weka waya katikati waonane siku chache kabla ya kuwaunganisha. Kupigana kidogo ni desturi yao ya kujua nani mkubwa. Damu ikionekana, mtoe aliyejeruhiwa mara moja, kwa sababu wengine wataendelea kumdonoa.

Jambo jingine: mayai yanaweza kukoma baada ya wiki chache. Kule shambani taa ziliwashwa mpaka mchana ukawa wa saa 16. Kwetu mchana ni wa saa 12 hivi. Mwili wake unaona mwanga umepungua, anaacha kutaga, ananyonyoka manyoya na kuota mapya. Anaweza kukaa hivyo miezi miwili. Hajaharibika na hajalogwa. Anapumzika kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akimaliza, wengi hutaga tena, ingawa si kama zamani.

HESABU ISEMWE WAZI

Kuku mmoja wa gredi hula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 10 hula kilo 1 na gramu 200, na gunia la kilo 70 litawatosha siku 58 hivi.

Tuseme gunia hilo ni shilingi 3,500. Kilo moja ni shilingi 50, na kuku mmoja anakula shilingi 6 kwa siku, yaani shilingi 180 kwa siku 30. Yai likiuzwa shilingi 15, mayai 12 ya kwanza ya mwezi ni ya kulipa chakula tu. Akitaga 15, unabaki na shilingi 45. Akitaga 8, umepoteza shilingi 60. Wekeni bei za soko lenu mahali pa hizi zetu, na mpige hesabu upya. Kuku akipata majani na wadudu nje, gharama hupungua kidogo, lakini haiishi. Mbolea yake nayo ni mali kwa shamba la mboga.

Mkiona hesabu haitoshi, msiwachukue. Hakuna aibu.

MWISHO WAKE

Kuku huyu hataishi miaka mingi. Magonjwa ya tumbo la mayai ni ya kawaida kwake: unamwona amesimama wima kama bata, tumbo limejaa, hali chakula. Wengine huishi miezi michache, wengine mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kwa hivyo kila nyumba iamue mapema: akiacha kutaga, atachinjwa au ataachwa amalizie siku zake? Yote mawili ni halali, ila mamuzi yafanywe kabla watoto hawajampa jina. Akiwa mgonjwa na anateseka, asiachwe kujifia pembeni kwa siku nne. Na kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe wala asitupwe kichakani; achomwe au azikwe kwa kina. Kuku wengi wakifa ghafula, mwambieni afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Jirani ambaye kuku wake wamekufa kwa sababu ya tenga letu hatatusamehe upesi. Lakini nyanya aliyepokea kuku wawili uchi mwezi wa kwanza, na mwezi wa nne anawaona wakipekua chini ya migomba na manyoya mekundu mapya, ataelewa bila kuhubiriwa kwamba kiumbe aliyechoka akipewa nafasi, maji na subira, anaweza kuanza tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, kuku wangapi wamechanjwa kideri mwaka huu? Nani atamwita afisa wa mifugo?
2. Ni nyumba zipi zina mahali pa kutenga kuku kwa wiki tatu?
3. Kwa bei za soko letu, kuku mmoja atage mayai mangapi kwa mwezi ili alipe chakula chake?
4. Kuku wakiacha kutaga kwa miezi miwili, nani atawalisha?
5. Tunawabebaje kuku wetu kwenda sokoni, na tunaweza kubadilisha nini?